Mtoaji, Mfadhili au Baba? Historia ya Jina Moja katika Tiba ya Uzazi

Utangulizi

Mfasiri akikabidhiwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 inayohusu utungisho na viinitete vya binadamu, akaambiwa aitie katika Kiswahili, hatakwenda mbali kabla ya kukwama. Hatakwama kwenye majina ya ala wala ya viungo vya mwili, kwani hayo yana njia zake zinazojulikana. Atakwama kwenye jina la mtu. Sheria hiyo inamtaja mwanamume ambaye manii yake hutumiwa kumpa mimba mwanamke asiye mke wake, bila ya wawili hao kukutana, nayo inamwita kwa neno la Kiingereza "donor". Kamusi zetu zitampa mfasiri majibu kadhaa: mtoaji, mchangiaji, mfadhili, mhisani. Mazungumzo ya watu yatamwongezea mengine: baba wa damu, baba halisi, mwenye mbegu. Kwa juu juu majina hayo yote yamlenga mtu yule yule. Lakini kila jina limebeba hukumu yake, na mfasiri asiyeitambua hukumu hiyo atakuwa ameitoa bila ya kujua.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi tiba hii ilivyoanza na kuenea, hasa katika Uingereza na Marekani ambako imeacha kumbukumbu nyingi za maandishi, na jinsi majina yake yalivyobadilika kila zama. Shabaha yetu si kuamua kama tiba hii ni njema au si njema. Hilo lina wenyewe, wakiwamo viongozi wa dini, wanasheria na wazazi. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba jina la mtu huyu, kila lilipochaguliwa, lilichaguliwa ili kulijibu au kulificha swali moja: baba wa mtoto ni nani? Sisi tunaounda istilahi zetu baadaye tuna faida ya kuyaona makosa ya waliotangulia.

Kitendo kabla ya jina

Karibu na mwaka 1780, kasisi na mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Italia, Lazzaro Spallanzani, alimtia mbwa jike manii kwa bomba la sindano. Baada ya siku 62 mbwa huyo alizaa watoto watatu. Kabla ya hapo wataalamu walibishana kama mimba hutungwa na manii yenyewe au na mvuke unaotoka humo. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba mimba ya mnyama wa jamii ya mamalia yaweza kutungwa pasipo dume na jike kukutana.

Kwa upande wa binadamu, habari ya mwanzo inayojulikana sana ni ya tabibu John Hunter wa London. Mwishoni mwa karne ya 18 alijiwa na mfanyabiashara wa vitambaa aliyezaliwa na kasoro ya maumbile: tundu la mkojo lilikuwa upande wa chini, na manii hayakuweza kufika panapotakiwa. Hunter alimshauri atumie bomba la sindano lililotiwa joto, naye mkewe akapata mimba. Habari hiyo ilitangazwa na shemeji yake Hunter, Everard Home, mwaka 1799. Mwaka 1866 daktari wa Marekani, J. Marion Sims, alichapisha maelezo ya majaribio 55 aliyoyafanya kwa wanawake 6. Mimba ilitungwa mara moja tu, nayo ikaharibika. Sababu moja ya kushindwa huko ni kwamba madaktari wa wakati huo hawakujua siku za rutuba za mwanamke.

Yafaa msomaji azingatie kwamba katika habari hizo mbili manii yalikuwa ya mume. Tiba ilikuja kusaidia viungo, haikuleta mtu wa tatu. Kwa hiyo jina lilihitajika kwa ajili ya kitendo tu, nacho kiliitwa kwa majina ya aina ya "kutia mimba kwa sanaa". Kuhusu ubaba hapakuwa na swali, na kwa kuwa hapakuwa na swali, hapakuwa na istilahi.

Philadelphia, mwaka 1884

Mtu wa tatu anatokea katika kumbukumbu mwaka 1884, katika chuo cha utabibu cha Jefferson mjini Philadelphia, Marekani. Mfanyabiashara mmoja na mkewe walimwendea Profesa William Pancoast kwa sababu walikuwa hawajajaliwa mtoto. Mwanamke alipimwa kwa makini mbele ya wanafunzi, wala hakuonekana na dosari. Hatimaye alipimwa mume, ikaonekana kwamba manii yake hayana mbegu hata moja kutokana na kisonono alichougua zamani. Matibabu yaliposhindikana, mwanamke aliitwa tena, akalazwa kwa klorofomu, na mbele ya wanafunzi sita profesa akamtia manii ya mmoja wao. Inasimuliwa kwamba alichaguliwa yule aliyekuwa na sura nzuri kuliko wenzake. Mwanamke hakuambiwa. Mume alikuja kuambiwa baadaye. Akaridhika, akaomba jambo moja tu, kwamba mkewe asijue kamwe. Alizaliwa mtoto wa kiume.

Habari hiyo ilibaki siri kwa miaka 25. Ilifichuliwa mwaka 1909, baada ya Pancoast kufariki, na Addison Davis Hard, mmoja wa wanafunzi waliokuwapo siku ile, katika barua aliyoipeleka kwenye jarida la madaktari. Aliandika kwamba alikwisha kukutana na kijana huyo na kushikana naye mkono. Wapo waliomshuku kwamba ndiye aliyetoa manii.

Tukiitazama habari hii kwa jicho la mtu wa istilahi, tunaona jambo la ajabu. Mume, mke, profesa na wanafunzi wote wana majina ya nafasi zao. Mwanamume aliyetoa manii hana. Hakuwa mgonjwa, hakuwa tabibu katika tendo lile, hakuwa mume, na wala hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kumwita baba. Kule kukosa jina hakukutokana na uchache wa maneno katika Kiingereza. Kulitokana na siri: asiyetakiwa kujulikana hatajwi, na asiyetajwa hahitaji jina. Kwa hiyo mtu huyu alikuwako duniani kwa miongo kadhaa kabla ya jina lake kutulia.

Herufi moja

Tiba hii ilipoanza kuzungumzwa hadharani, hasa katika miaka ya 1930 na 1940, madaktari wa Uingereza na Marekani walitumia vifupisho viwili vilivyotofautiana kwa herufi ya mwisho tu: AIH kwa manii ya mume, na AID kwa manii ya mtu mwingine. Herufi hiyo moja ilibeba mzigo mkubwa. Mwezi wa Januari 1945, Dkt. Mary Barton na wenzake wawili walichapisha makala kuhusu tiba hiyo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kelele zikazuka. Mwaka 1948 tume iliyoundwa na Askofu Mkuu wa Canterbury ilipendekeza kwamba kutumia manii ya mtu asiye mume kufanywe kosa la jinai. Mwaka 1949 Papa Pius wa XII, akihutubia madaktari Wakatoliki, alitamka kwamba jambo hilo ni kinyume cha maadili. Kwa upande wa Uislamu, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh Mkuu wa Al-Azhar tangu 1958 hadi 1963, alitoa fatwa iliyoliweka jambo hilo karibu na zinaa kwa sababu huchanganya nasaba; na mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq, Mufti wa Misri, aliruhusu tiba za uzazi baina ya mume na mke tu, akakataa manii ya mtu wa nje.

Mahakama nazo ziliingia katika swali la jina. Je, tendo hili laweza kuitwa zinaa? Hakimu mmoja wa Ontario, Kanada, mwaka 1921 alisema kwamba ndivyo, kwa kuwa kiini cha zinaa ni mwanamke kuutoa uwezo wake wa kuzaa kwa mtu asiye mumewe. Mahakama moja ya Chicago mwaka 1954 ilikwenda mbali zaidi: ilisema kwamba ni zinaa hata kama mume ameridhia, na kwamba mtoto si wa ndoa. Lakini mwaka 1958 mahakama ya Uskoti iliamua kinyume, ikasema kwamba pasipo watu wawili kuingiliana hapana zinaa. Tendo lilikuwa lile lile. Lililotofautiana ni maana iliyopewa neno. 

Kadhalika, katika zama hizo madaktari wengine walikuwa wakichanganya manii ya mume na ya mtu mwingine katika chombo kimoja, ili pasiwe na awezaye kuapa kwamba mume si baba. Huo ulikuwa mchango kwa maana kamili ya neno. Nasi tutalikumbuka jambo hili tutakapolipima neno "mchangiaji".

Jina kutoka benki ya damu

Neno "donor" lina asili ya Kilatini, na maana yake ni mwenye kutoa zawadi. Katika karne ya 20 lilizoeleka katika tiba kwa njia ya damu. Mwaka 1937 Bernard Fantus alianzisha katika hospitali moja ya Chicago akiba ya damu aliyoiita benki, na jina hilo likaenea ulimwenguni. Mwaka 1949 Polge, Smith na Parkes wa Uingereza waligundua kwamba manii yakichanganywa na gliserini huweza kugandishwa kwa baridi kali na kuyeyushwa tena bila ya mbegu kufa. Mwaka 1953 Bunge na Sherman wa Iowa, Marekani, walitangaza mimba za kwanza za binadamu kutokana na manii yaliyogandishwa. Tangu hapo manii yaliweza kuwekwa akiba kama damu ilivyowekwa, nayo yakapata benki yake. Na palipo na benki ya namna hiyo, anayetoa aliitwa kwa jina lile lile la mtoa damu.

Jina hilo halikukaa katika hospitali tu. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya mume aliyeridhia mkewe apewe manii ya mtu mwingine, kisha baada ya talaka akakataa kumtunza mtoto. Mahakama ilimhesabu yeye kuwa baba kwa sheria. Kuhusu mtu wa tatu, ilisema kwamba hawezi kuhesabiwa kuwa baba, kwa kuwa hana dhamana juu ya matumizi ya manii yake zaidi ya ile aliyo nayo mtu aliyetoa damu au figo. Hapa jina limefanya kazi ya hoja. Mtu huyu alifananishwa kwanza na mtoa damu kwa jina. Kisha kwa sababu ya jina akahukumiwa kama mtoa damu.

Hatuna budi kukiri kwamba hukumu hiyo ilileta heri. Mtoto alipata mlezi na haki zake. Hata hivyo ulinganisho wenyewe una kasoro. Damu hutibu, ikaisha; figo hufanya kazi, ikachoka. Hakuna damu wala figo iliyokua, ikaenda shule, ikarudi nyumbani na kuuliza ilitoka kwa nani.

Zaidi ya hayo, maana ya zawadi haikulingana na hali ilivyo kila mahali. Katika Marekani watoaji wengi wamelipwa fedha, jambo ambalo halimwelekei mtu mwenye kutoa zawadi. Ufaransa ilifuata njia nyingine: mwaka 1973 Profesa Georges David alianzisha mfumo wa vituo ambamo manii yalitolewa bure, na mtoaji alitakiwa awe mtu mwenye watoto wake tayari. Huko, kwa hakika, neno la zawadi lilikuwa na haki ya kutumika. Istilahi moja ilikuwa ikitaja biashara upande mmoja wa bahari na hisani upande wa pili.

Katika miaka ya 1980 kifupisho AID nacho kiliachwa, kwa sababu kilikaribiana mno na jina la Kiingereza la ugonjwa wa UKIMWI uliokuwa umezuka. Mkaribiano huo haukuwa wa herufi tu. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba wanawake 4 wa Australia walikuwa wameambukizwa virusi kwa njia ya manii waliyopewa. Tangu hapo utaratibu wa kugandisha manii kwa miezi kadhaa, mpaka mtoaji apimwe tena, ulienea katika nchi nyingi.

Mtoto anauliza

Katika historia yote tuliyoieleza, mtoto hakuwa na sauti. Sheria za Uingereza zilimweka mahali pagumu. Kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1984, ilieleza kwamba mume aliyejiandikisha kuwa baba wa mtoto wa namna hiyo alikuwa akitoa tamko la uongo mbele ya sheria, ingawa ndivyo wengi walivyofanya. Kamati ikapendekeza kwamba mume aliyeridhia ahesabiwe kuwa baba. Na sheria ya mwaka 1987 ikalitimiza pendekezo hilo. Sheria ya mwaka 1990 ikaongeza kwamba mtoaji anayetumia kituo chenye leseni si baba kwa sheria, na tangu mwaka 1991 daftari la watoaji na watoto likaanza kutunzwa na mamlaka maalumu.

Swali la baba kwa sheria likawa limejibiwa. Swali la asili lilibaki. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kulijibu: kwa sheria iliyoanza kutumika Machi 1985, mtoto akishapevuka ana haki ya kumjua mtoaji. Uingereza ilifuata, anayezaliwa kwa manii yaliyotolewa baada ya tarehe 1 Aprili 2005 aweza kupewa jina la mtoaji atimizapo miaka 18, na wa kwanza miongoni mwao walifikia umri huo mwaka 2023. Ufaransa, iliyokuwa imeshikilia siri kwa muda mrefu, ilibadili sheria yake mwaka 2021.

Wakati huo huo elimu ya vinasaba iliwafungulia wengine mlango ambao sheria haikuwafungulia. Watu 18 waliozaliwa kwa msaada wa kituo cha Dkt. Barton tuliyemtaja walipimwa, ikaonekana kwamba theluthi mbili kati yao walitokana na mtu mmoja, Bertold Wiesner, ambaye alikuwa mume wa daktari huyo na mwenzake katika makala ya mwaka 1945. Kituo hicho kilisaidia kuzaliwa kwa watoto wapatao 1,500, na kumbukumbu zake ziliteketezwa. Miongoni mwa watoto hao wamo walioishi miaka mingi katika mji mmoja na ndugu zao pasipo kujuana.

Haitupasi kudhani kwamba tiba hii imepungua maana kwa sababu ya mbinu mpya. Mwaka 1978 alizaliwa Louise Brown wa Uingereza, mtu wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili. Na mwaka 1992 wataalamu wa Brussels walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuingiza mbegu moja tu ya kiume ndani ya yai. Mbinu hiyo ya pili iliwawezesha wanaume wengi wenye mbegu chache kupata watoto wao wenyewe. Pamoja na hayo, manii ya watoaji yanaendelea kutumiwa pale ambapo mume hana mbegu kabisa, pale panapohofiwa ugonjwa wa kurithi, na, katika nchi zinazoruhusu, na wanawake wasio na mume. Kwa hiyo istilahi zinahitajika, na zitazidi kuhitajika.

Maneno yetu

Turudi sasa kwa mfasiri tuliyemwacha mezani. Tuanze na kitendo. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanakijua zamani. Kituo kikuu cha Kabete, karibu na Nairobi, kilianzishwa mwaka 1946, na Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji huko Usa River, Arusha. Neno "uhimilishaji" limejengwa juu ya himila, yaani mimba au mzigo, na halina dosari ya kisarufi. Wapo wanaosita kulitumia kwa binadamu kwa sababu limezoeleka kwa ng'ombe. Sisitizo hilo lina haki yake, maana mgonjwa hapendi kuitwa kwa neno la zizini. Lakini "kuzaa" na "mimba" pia ni vya binadamu na mnyama. Ni bora kusema "uhimilishaji wa kitabibu" kuliko kutumia "upandikizaji", neno ambalo tayari lina kazi ya kutaja kuhamisha figo, na ambalo watu wengi hulitumia kwa kurudisha kiinitete katika mfuko wa uzazi. Vitendo viwili tofauti visipewe jina moja.

Kuhusu kitu chenyewe, majimaji yaitwe manii au shahawa, na kiini kinachoogelea ndani yake kiitwe mbegu ya kiume, kwa kuwa ndivyo isemwavyo. Walimu, hata hivyo, wawatahadharishe wanafunzi. Mbegu ya mhindi ina mche kamili ndani yake, na shamba huulea tu. Fikira ya kwamba mwanamume hutia mbegu na mwanamke ni shamba ilikuwa ya watu wengi duniani kabla ya Karl Ernst von Baer kuliona yai la mamalia mwaka 1827, na kabla ya Oscar Hertwig kuonyesha mwaka 1876, kwa kutumia viumbe wa baharini, jinsi kiini cha mbegu kinavyoungana na kiini cha yai. Kwa kweli kile tukiitacho mbegu ya kiume chafanana zaidi na chavua ya ua kuliko na mbegu. Jina hatutaliondoa, kwani limekwisha kukita; lakini tusilijengee hoja, kwa mfano kwa kumwita mtoaji "mwenye mbegu", kana kwamba mtoto wote ametoka kwake.

Sasa tuje kwenye jina la mtu. "Mfadhili" halifai. Neno hili latokana na fadhila, na fadhila hudai shukrani. Mtoto atakuwa amezaliwa na deni. Tena aliyelipwa hakufadhili. "Mchangiaji" limezoeleka katika kampeni za kuchangia damu, na hapo lafaa, maana damu ya wengi huwekwa katika akiba moja kwa ajili ya wengi. Lakini mchango ni sehemu ya kitu kinachojazwa na wengi, na isipokuwa katika ule mchanganyiko wa manii tulioueleza, mtu huyu hakuchanga na mwanamume mwenzake. "Baba wa damu" na "baba halisi" yanahukumu kinyume: yanamgeuza mume aliyeridhia, akalea na akapewa ubaba na sheria, kuwa baba wa bandia. Limebaki "mtoaji". Ni neno kavu, na ukavu wake ndio sifa yake. Lasema alichokifanya mtu, halisemi kwa nini, wala halisemi yeye ni nani kwa mtoto. Tunapendekeza "mtoaji manii", na kwa tiba yenyewe, "uhimilishaji kwa manii ya mume" na "uhimilishaji kwa manii ya mtoaji".

Huenda msomaji akauliza: je, lugha yetu haikulijibu swali la ubaba tangu zamani? Waswahili husema, "Kitanda hakizai haramu," yaani mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Methali hii yakubaliana na kanuni ya fikihi na ya sheria ya Kirumi pia. Nao Wakuria wa pande za Mara wana ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambamo mwanamke huoa mwanamke, na mwanamume anayemzalisha yule aliyeolewa hana dai la ubaba. Kutenga mwenye kuzalisha na mwenye mtoto, basi, si jambo geni lililoletwa na maabara. Lakini tuangalie methali inalinda nini. Inalinda hadhi ya mtoto asiitwe haramu. Haisemi kwamba mtoto adanganywe kuhusu asili yake.

Tunao mfano mwingine ulio bora zaidi, nao ni wa kunyonya. Katika mwambao wetu, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake humwita mama wa kunyonya, na watoto wake huwa ndugu zake wa kunyonya. Hawarithiani, lakini hawaoani. Jina hilo halimwondoi mama mzazi, wala halimfichi aliyenyonyesha. Lasema uhusiano kama ulivyo, kwa kiasi chake, hadharani. Hatusemi kwamba fikihi iliyoridhia kunyonya inaridhia utoaji manii. Tumekwisha kueleza kwamba fatwa za Al-Azhar zimekataa. Tunasema tu kwamba lugha imekwisha kuonyesha ufundi wa kutaja uhusiano ulio chini ya uzazi na juu ya ugeni. Kwa kanuni hiyo, watoto waliotokana na mtu mmoja pasipo kulelewa pamoja waweza kuitwa "ndugu wa mtoaji mmoja". Nalo ni jina lenye manufaa ya wazi, kwani wasiojuana kwa jina hawawezi kujiepusha na kuoana.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka 1884 mtu huyu hakuwa na jina kwa sababu ya siri. Kisha akawa herufi. Kisha akavikwa jina la mtoa damu, nalo likamwondolea dhamana. Na mwishoni watoto waliokua wakalirudisha swali ambalo majina hayo yote yalikuwa yamelifunika. Katika kila hatua waliohusika katika kuchagua jina walikuwa daktari, hakimu, kiongozi wa dini au mume. Mtoto alilikuta jina limekwisha kuwekwa.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wa sheria, walimu wa biolojia na watumishi wa serikali wanaoandaa fomu za hospitali na za vizazi wazingatie mambo mawili. Kwanza, wasitumie neno "baba", hata kwa kuliongezea sifa, kumtaja mtoaji, wala wasitumie "mtoaji" kumficha mtu mahali ambapo sheria yataka atajwe. Pili, kila istilahi ya eneo hili ipimwe kwa kipimo kimoja: je, mtoto mwenyewe akija kuisoma akiwa na miaka 18, ataona kwamba ameambiwa kweli, na kwamba hakuvunjiwa heshima? Istilahi itakayopita mtihani huo itamfaa pia hakimu, mwalimu na mzazi. Isiyopita, hata ikiwa fasaha namna gani, tuiache mapema, kabla haijachapishwa katika sheria na kuwa vigumu kuing'oa.